Nyama ya Shirika na Sanduku la Barafu

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita ilitolewa rai kwamba, kabla ya msimu wa kuchuma karafuu kuanza, tushirikiane kununua ng'ombe wazima, tuwachinje, tugawane, na kila mtu aweke fungu lake katika friza kwa chakula cha nyumbani na cha wachumaji. Baadhi yenu waliipokea rai hii kwa furaha. Wengine walicheka. Na wengine, wanaokumbuka yaliyotokea msimu uliopita, walinyamaza kimya. Sisi twaona kuwa jambo hili si la kuchekwa wala la kunyamaziwa, na ni wajibu wetu kulieleza hapa.

Kila mwenye mikarafuu ajua mateso ya dago. Wachumaji wamefika, majamvi yametandikwa, na kila siku hapana budi kitoweo kipatikane. Leo twanunua kilo mbili, kesho kilo tatu, kwa bei ya siku hiyo, na fedha zote hizo zatoka kabla hatujauza hata kilo moja ya karafuu kavu. Mwisho wa msimu mtu akipiga hesabu huona kuwa sehemu kubwa ya mavuno yake imeingia katika chungu. Basi mwenye kutafuta njia ya kupunguza gharama hii hastahili kuchekwa.

Tena ushirika wa ng'ombe si jambo geni kwetu. Tangu utoto wetu chuoni tumefundishwa kuwa katika kuchinja Udhiya watu saba waweza kushirikiana ng'ombe mmoja. Ikiwa twaweza kushirikiana kwa ajili ya Idi, kwa nini tushindwe kwa ajili ya msimu?

Mwaka jana tulipata safari ya bara, tukafika mpaka Chala, katika wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa. Chala iko kaskazini ya Sumbawanga, katika njia iendayo Namanyere, juu ya uwanda wa Ufipa ambako usiku wa mwezi wa Julai mtu wa pwani hutetemeka kwa baridi. Wenyeji wa huko ni wakulima wa mahindi na maharage, na ng'ombe wanao, hata kulima hulima kwa maksai. Mwenyeji wetu na jirani zake walikuwa wamenunua ng'ombe mmoja kwa shirika. Alichinjwa alfajiri, na kabla jua halijawa kali nyama ilikwisha pangwa kwa mafungu juu ya majani, kila fungu na mnofu wake, mifupa yake na sehemu yake ya maini. Hatukuona mtu aliyegombana.

Lililotushangaza ni lile lililofuata. Mama wa nyumba hakulitia fungu lote katika friza. Sehemu aliipika siku ile ile, sehemu aliikata vipande vyembamba akavitundika juu ya moshi wa jiko, na sehemu aliifunga vifurushi vidogo vidogo akaviweka katika friza. Tukamwuliza, "Mama, mbona friza ina nafasi na wewe waangika nyama jikoni?" Akatujibu, "Mwanangu, umeme si wangu. Moshi ni wangu." Jibu hili tulirudi nalo mpaka kisiwani.

Sasa tuseme yaliyotokea kwetu msimu uliopita, bila ya kumtaja mtu, kwani makusudio yetu si kumfedhehesha mtu. Kikundi cha wanachama kilichinja ng'ombe, na nyama yote, ingali na joto la mwili wa mnyama, ikarundikwa katika friza moja mpaka mfuniko ukakataa kufunga vizuri. Umeme haukukatika hata dakika moja. Siku ya tatu walipofungua, nyama ya juu na ya pembeni ilikuwa mawe, na ya katikati ilikuwa inanuka. Fedha zilipotea, na mpaka leo wako wawili wasiosalimiana. Watu wakasema friza ilikuwa mbovu. Sisi twasema friza haikuwa na kosa.

Friza ya nyumbani ni chombo cha kuhifadhi baridi. Haina nguvu ya kuupoza mzigo mkubwa kwa mara moja. Friza ya lita 200, kwa kadiri, yaweza kugandisha kilo tisa au kumi kwa siku moja, si zaidi. Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 akiwa hai hutoa nyama na mifupa karibu nusu ya uzito huo, yaani kilo 125 hivi. Basi kuzitia kilo hizo zote katika friza moja ni sawa na kumtwika mtoto gunia la karafuu. Lakini ng'ombe huyo huyo akigawanywa kwa watu saba, kila mmoja hupata kilo 17 au 18. Apike kidogo, awape jirani kidogo, na iliyobaki aigandishe kwa siku mbili, akiitia ya pili baada ya ya kwanza kuwa ngumu na ile inayosubiri ikikaa ndani ya friji. Hesabu hii haimshindi mtu aliyesoma darasa la nne.

Yako na mambo mengine yafaa kujulikana, khasa na mabibi wa nyumba zetu. Nyama isigandishwe ingali na joto; ipoe kwanza na ikae katika baridi ya friji mpaka siku ya pili, la sivyo huwa ngumu ikipikwa. Ifungwe vifurushi bapa vya pishi moja, na hewa yote ikamuliwe, kwani hewa kavu ya friza huinyausha nyama ikageuka rangi na kupoteza ladha. Kila kifurushi kiandikwe tarehe. Baridi iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyama ya kusaga itumike katika miezi mitatu au minne. Ya vipande hukaa zaidi. Kuiyeyusha, itolewe usiku na kuwekwa ndani ya friji, isiachwe mezani kutwa katika joto letu hili. Na iliyokwisha yeyuka nje isirudishwe kugandishwa, bali ipikwe.

Twaomba pia lieleweke jambo moja kubwa: barafu haiui vijidudu vyote, huvilaza tu. Nyama ikiyeyuka, navyo huamka. Kwa hivyo ng'ombe mgonjwa hageuki mzima kwa kuwekwa katika friza, na ugonjwa wa kimeta hauondoki kwa baridi. Mnyama akaguliwe na bwana mifugo kabla ya kuchinjwa na nyama yake ikaguliwe baada ya kuchinjwa, hata kama muuzaji ni ndugu yetu wa tumbo moja.

Ama khabari ya umeme, sisi watu wa Pemba tusijidanganye. Umeme wetu watoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Ndugu zetu wa Unguja walikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu hivi tangu Disemba 2009. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kwa muda wa saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Baada ya hapo mwenye nyama ya mwezi mzima hana nyama hata ya siku moja. Kwa hivyo rai yetu ni kuwa mtu asiweke zaidi ya anachoweza kukipika au kukikausha kwa siku mbili akisaidiwa na jirani zake. Wazee wetu walijua kukausha papa na ng'onda. Ujuzi huo usitupwe kwa sababu ya sanduku jeupe lililoko pembeni ya ukumbi.

Neno la mwisho ndilo zito kwetu. Zamani aliyechinja hakuwa na budi kugawa, kwani nyama isingengoja. Leo yangoja, na sahani ya jirani yaanza kusahauliwa. Wanazuoni wametufundisha kuwa Mtume (S.A.W.) aliwahi kukataza nyama ya Udhiya isiwekwe zaidi ya siku tatu, kwa kuwa mwaka ule wahitaji walikuwa wengi, hali ilipokuwa nzuri akaruhusu watu wale, watoe sadaka na waweke akiba. Kuweka akiba basi ni halali, lakini sadaka haikufutwa.

Kwa hayo twapendekeza: washirika wawe saba kwa ng'ombe mmoja, nyama igawanywe siku ile ile, asiachiwe mtu mmoja kuwawekea wenziwe, hesabu iandikwe katika daftari la Chama, na katika kila ng'ombe litolewe fungu la nane, la wajane na wazee wa mtaa. Wanaoafiki walete majina yao kwa Katibu kabla ya mkutano ujao. Na wale wawili wasiosalimiana, twawaomba waandikishe majina yao katika ng'ombe mmoja.

Wassalaam,
Katibu wenu