Tamko la Wavuvi na Wauza Samaki wa Kasenyi Kuhusu Wanaokimbilia Ufuko Wetu

Kwa Serikali ya Mkoa wa Ituri, Msimamizi wa Teritwari ya Irumu, Chifu wa Sheferi ya Bahema-Sud na wakaaji wote wa ufuko wa Ziwa Albert.

Sisi wavuvi, wenye mitumbwi na mama wauza samaki wa Kasenyi tunatamka hivi: anayekimbia kifo apokelewe, na siku hiyohiyo aandikwe. Mambo haya mawili yasitenganishwe.

Kukimbia tunakujua. Kuanzia Desemba 2017, vijiji vya teritwari ya Djugu vilipochomwa, makumi ya maelfu ya watu walivuka ziwa hili kwenda Uganda, wengi wakipandia Tchomia na hapa Kasenyi. Walishukia Sebagoro wakiwa na sufuria, godoro na watoto. Kipindupindu kiliwafuata, kikaua. Hata hivyo Uganda haikuwarudisha majini. Sheria yake ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini, na kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali jamaa zetu walipewa viwanja vya kujenga na kulima. Deni hilo hatulisahau.

Lakini Uganda imetufundisha na jambo la pili. Mnamo Oktoba 2018, ukaguzi wa serikali yake na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ulikuta wakimbizi takriban milioni 1.1, wakati madaftari yalionyesha milioni 1.4. Mwenyeji aliyegawa shamba lake akisikia habari kama hiyo ana haki ya kukasirika, na hasira yake humwangukia mkimbizi ambaye hakushika kalamu wala daftari.

Hapa kwetu hofu ipo, na hatutaki anayeisema aitwe mbaguzi. Mama anafika jioni na watoto, anatandika turubai pale tunapoanika samaki. Asubuhi mwenye samaki hana pa kuanika, na mvua ikinyesha mali yote inaoza. Ugomvi unaanzia hapo, kisha unahamia kwenye kuni, maji na shamba, na mwishoni mtu anauliza: huyu ni kabila gani? Swali hilo limekwisha kuiua Ituri mara nyingi mno. Dawa yake ni kupanga mapema mahali pa kulala, kabla mtumbwi haujagusa mchanga.

Katiba yetu ya 2006, ibara ya 33, inatambua haki ya hifadhi na palepale inataja usalama wa taifa. Kwa hiyo tunaomba polisi wakague silaha kwa kila mtu, yeyote yule, bila kumpima kwa lugha yake au sura yake. Kuandikwa kuwe bure, iwe ni mkimbizi wa ndani, Mkongomani anayerudi kutoka Uganda au mgeni wa nchi nyingine, na kila wiki idadi yao isomwe hadharani mbele ya wakaaji. Shamba likitolewa, itiwe saini karatasi inayotaja mipaka na muda, chifu akishuhudia. Na msaada unaokuja uguse kisima, shule na kituo cha afya cha mwenyeji pia. Uganda imejiwekea kanuni ya asilimia 30 ya msaada kwa wenyeji, nasi hatuombi pungufu ya hapo.

Tunajua hata nchi tajiri zinahangaika na jambo hili. Uingereza ilitangaza mwaka 2022 kwamba itapeleka waomba hifadhi Rwanda; Mahakama yake ya Juu ikaona mpango huo ni kinyume cha sheria, na serikali iliyochaguliwa mwaka 2024 ikaufuta. Mpango wa kumhamishia mwingine mzigo haukufika mbali.

Kwa upande wetu, tutatenga sehemu ya ufuko kwa wanaofika usiku, mbali na vichanja vya samaki. Mgeni mwenye kibali na nyavu halali atavua pamoja nasi, na mtumbwi ukizama tutatoka kuokoa bila kuuliza ni wa nani.

Tunaomba viongozi tuliowataja waitishe kikao juu ya haya, na kifanyike hapa Kasenyi mbele ya wenyeji na wageni, si Bunia ofisini.