Funga usukani, kisha mtegemee Allah

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, pikipiki ni jembe la familia nyingi. Ndiyo impelekayo mgonjwa Haydom, ndiyo ifikishayo vitunguu saumu sokoni. Inapoibwa, ada ya shule na chakula cha jioni huondoka nayo.

Hata hivyo, wako wasemao kuwa kufuli la usukani ni kujisumbua bure, kwani mwizi aliyekusudia atalivunja, na lililoandikwa litakuwa. Tunaona kauli hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hupotosha.

Imam Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kuwa mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Aliamriwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Kamba nayo hukatwa kwa kisu, wala Mtume hakuiacha kwa sababu hiyo. Wafugaji wa Hanang, wafungao zizi kwa miiba kila magharibi, hawahitaji tafsiri ndefu.

Kazi ya kufuli ni kumchelewesha mwizi, na mwizi huchukia kuchelewa. Ujerumani Magharibi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ililazimisha magari yote, mapya na ya zamani, yawe na kufuli za usukani. Wizi ukapungua sana. Uingereza ilianza na magari mapya peke yake mwaka 1971, na wezi wakahamia kwenye yale ya zamani. Hapa pana funzo la ujirani: akifunga mmoja peke yake, huenda amemsukumia jirani yake msiba. Tufunge sote.

Liko jambo zito zaidi. Vijana wetu wengi huendesha pikipiki za watu kwa mkataba wa hesabu ya kila siku. Ikiibwa, kijana huambiwa alipe yote, awe alifunga au hakufunga. Wanazuoni wamebainisha kuwa kitu cha kukodi ni amana mkononi mwa aliyekikodi, naye halipi kikipotea ila akizembea au akivuka mipaka. Basi kijana aliyeacha ufunguo kwenye pikipiki akaingia hotelini kunywa chai amezembea. Aliyefunga usukani na kuiegesha penye watu ametimiza wajibu wake. Kumbebesha deni la miaka ni dhuluma, hata kama ameweka sahihi kwa kuwa hakuwa na njia nyingine.

Kwa hiyo tunawausia wenye pikipiki: nunueni mnyororo na kufuli imara, na mwandike katika mkataba nini ni uzembe. Vijana: pikipiki nyingi zimetoka kiwandani na kufuli la usukani; kuugeuza usukani na kuzungusha ufunguo hakuchukui hata dakika. Kamati za misikiti, kuanzia Katesh hadi Mbulu mjini: wekeni mlinzi wa vyombo wakati wa sala ya Ijumaa. Na akikamatwa mwizi, apelekwe polisi. Kumpiga hadi kufa ni dhambi kubwa kuliko wizi wake.

Tukishafanya hayo, ndipo tuinue mikono kumwomba Mlinzi asiyelala.

Wabillahi tawfiq.