Mtafiti wa Kizaramo asiachwe peke yake

Kiambishi kimoja cha kitenzi cha Kizaramo chaweza kumkwamisha mtafiti wiki nzima, kumbe jirani yake ofisini ameshakichunguza katika Kikwere au Kiluguru, lugha ndugu zake. Aulize! Si aibu.

Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001, ulizaa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Kazi hiyo isingewezekana kwa mtu mmoja.

Mbagala, wilayani Temeke, bibi huanza kusimulia kwa Kizaramo, mjukuu akamjibu kwa Kiswahili. Muda wa kuirekodi lugha hiyo ni mchache. Vyuo viwakutanishe watafiti wasikilize rekodi pamoja na wabishane, na wazee kama bibi huyo waalikwe, walipwe kama wataalamu.