MANENO YA AFYA: Ganzi na Dawa ya Kuyeyusha Damu

Wasomaji wetu, liko swali liulizwalo katika nyumba zetu: Ile dawa ya kuyeyusha donge la damu, je, yaweza kuondoa ganzi, na ule mchomo kama wa sindano, na mtambao kama wa sisimizi mwilini? Jibu ni hili: pengine yaweza, lakini mara nyingi siyo dawa yake. Yafaa tupambanue.

Fikirini mfereji uletao maji shambani. Ukizibwa na takataka, migomba hunyauka. Ukizibuliwa upesi, husimama tena. Lakini mgomba uliokwisha kufa, maji hayauinui. Ndivyo ilivyo kichwani. Donge la damu likiziba mshipa wa ubongo, mtu hupatwa ghafula na ganzi ya upande mmoja, mkono hulegea, mdomo huenda upande, maneno hupotea. Hicho ndicho kiharusi. Dawa iitwayo alteplase hutiwa katika mshipa wa mkono, ikaliyeyusha lile donge. Mishipa ya fahamu yenyewe haiiponyi. Huifungulia damu njia tu.

Mwaka 1995 waganga wa Marekani walionyesha ya kuwa waliopewa dawa hiyo kabla ya muda wa saa 3 kupita walipona vema kuliko wasiopewa. Mwaka 2008 waganga wa Ulaya walionyesha ya kuwa yafaa hata muda wa saa 4 na nusu. Lakini ina hatari: katika wale wa 1995, kadiri ya watu 6 kwa kila 100 walivuja damu ubongoni, wasiopewa hawakufika mmoja kwa 100. Kwa hiyo kichwa hupigwa picha kwanza, maana kiko kiharusi cha mshipa uliopasuka, na huyo akipewa dawa hii aweza kufa.

Na mwenye kiharusi chepesi, kama ganzi kidogo isiyomzuia kazi? Mwaka 2018 zilitangazwa habari za wagonjwa 313 wa namna hiyo huko Marekani: waliopewa alteplase hawakupona zaidi ya waliopewa aspirini, na wachache wao walivuja damu ubongoni.

Ama ganzi ya nyayo zote mbili, ijayo polepole kwa miezi, mara nyingi hutokana na kisukari, au pombe, au upungufu wa vitamini B12. Baka la ngozi lisilosikia laweza kuwa ukoma. Hayo yana matibabu yake, wala kuyeyusha damu hakuyafai.

Basi, wazazi na walimu, shikeni hili. Ganzi ikija ghafula upande mmoja, tazameni saa ilipoanza, mkaiandike, mkamchukue mgonjwa papo hapo mpaka hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Msimpe aspirini nyumbani kabla ya picha hiyo. Hata ganzi ikiisha yenyewe, mpelekeni vile vile, kwani kiharusi kikubwa chaweza kuifuata. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo hili huua ubongo.