Mbwa kapofuka, mchezo haujafa

Mbwa wa nyumba akipofuka, ushauri unaomfikia mwenyewe upesi ni kumtia mnyororo asijigonge, au kumwita daktari wa mifugo amlaze moja kwa moja. Ushauri huo unadhani mbwa anaishi kwa macho kama sisi. Pua yake ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200. Yetu ina vichache mno, milioni kadhaa tu, na sikio lake hunasa sauti nyembamba ambazo sisi zinatupita kabisa. Wasasi wa Unguja wanaoingia na mbwa katika vichaka vya maweni kufukuza nguruwe hawana haja ya kuambiwa haya: nguruwe aliyejificha hunuswa kabla hajaonekana. Kwa hiyo mbwa aliyepofuka asinyimwe mchezo, abadilishiwe. Kumfunga siku nzima humzidishia woga, na mbwa mwenye woga hushtuka akiguswa, akang'ata.

Kubadilisha hakudai fedha. Chupa tupu ya maji ikitiwa kokoto chache na kufungwa barabara inatosha, mradi ibingirishwe chini badala ya kurushwa, ili mlio umwongoze njia nzima; akianza kuitafuna, ichukuliwe. Ikinyamaza, pua ishike zamu: tambara lililosuguliwa dagaa, lifichwe hatua chache kwanza, kisha mbali zaidi. Kipande cha jamvi kuukuu mbele ya ngazi humjulisha kwa nyayo kwamba amefika ukingoni, na viti vya uani visihamishwehamishwe. Mbweni ya Unguja ina taabu yake, maana uwanja wa ndege uko jirani, na ndege ikipaa sauti ya mwenyewe humezwa. Hapo mchezo usimame, kwani kipofu aliyepotewa na mwito katikati ya mbio hana pengine pa kushika. Pwani nako, maji yakitoka, hushawishi kwa uwazi wake, ila kuna mawe makali na mizizi ya mikoko. Aende na kamba ndefu, tena baada ya kuuzoea ua.

Wapo watakaouliza: mbwa ni najisi, vipi tena tumchezeshe? Fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na wengi wetu, imekwishaeleza namna ya kujitoharisha, kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo haikuhalalisha ukatili. Katika Sahihi Bukhari mna hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Na chupa, kusema kweli, hubingirika vizuri tu kwa fimbo.

Hoja nzito zaidi ni ya maumivu. Presha ya jicho huuma vibaya, na homa inayoletwa na kupe huweza kuvujisha damu ndani ya jicho, ingawa ikiwahiwa hutibika kwa dawa za kuua bakteria. Anayekataa kucheza huenda anaumwa, basi daktari atangulie, na maumivu yasiyotulizika yakithibitika, sindano ya kumlaza ni huruma, sitabishana. Lakini upofu peke yake hauumi. Asiyekuwa na jicho jekundu, asiyelikwaruza kwa mguu wala kujificha pembeni, naye anakula vizuri, apewe wiki kadhaa za kujifunza kabla mtu hajaitaja sindano.