Miji Saba kwa Siku Kumi na Mbili

Mwezi huu naomba nikukaribishe sebuleni kwangu. Mezani kuna ramani ya Ulaya, chai imeshapoa, na mimi na mume wangu tumenuniana.

Hiyo ilikuwa mwaka jana, miezi mitano kabla ya kutimiza miaka saba ya ndoa. Tulikuwa tumeweka akiba muda mrefu, kidogo kidogo, kwa ajili ya safari hii. Fungate yetu ilikuwa siku tatu Bagamoyo, na mbili kati ya hizo mvua ilinyesha kutwa, kwa hiyo nilijiona nina haki ya kudai. Nikashika kalamu nikaandika: London, Paris, Brussels, Amsterdam, Berlin, Prague, Roma. Miji saba, siku kumi na mbili. Mimi nikataka treni. Mwenzangu akasema hapana, tukodi gari, ratiba tutaijua huko huko.

Wengi wetu tunapanga Ulaya kwa kuangalia ramani, na ramani inadanganya. Inakuonyesha miji imebanana kama vituo vya daladala. Lakini kuhama mji si zile saa tatu za kukaa kwenye treni tu. Kuna kufunga mabegi, kutoka hotelini, kuwahi stesheni, kufika ugenini na kusubiri mpaka alasiri ndipo upewe chumba. Nusu siku hiyo imekwenda. Ukihama mara sita umepoteza siku tatu nzima unakokota begi juu ya barabara za mawe, na mwenzio yuko nyuma anakuuliza kama una uhakika ni njia hii.

London ilikuwa ya kwanza kukatwa. Viza ya Schengen inakupitisha nchi 29, Uswisi ikiwemo, lakini Uingereza haimo. Kule ni viza nyingine na ada nyingine. Hii ya Schengen tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, na wakikunyima hairudi. Unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama siku zinalingana, basi kwa ile utakayoingia kwanza. Kwa hiyo habari ya “tutajua huko huko” haipo. Wanataka kuona utalala wapi usiku gani, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na taarifa ya benki.

Basi bwana, kwenye taarifa ya benki ndipo mambo yalipoharibika. Yangu niliileta siku ya pili. Ya kwake, wiki ikapita, mara mtandao wa benki uko chini, mara amesahau kazini. Na kadiri nilivyomkumbusha, ndivyo alivyozidi kulisifia gari. Gari ni rahisi. Na gari unaweza kulala mji mdogo, hoteli za bei ya chini. Nikaona huyu ana lake jambo.

Jumapili moja akaiweka mezani bila kusema neno. Milioni tatu hazikuwepo. Zilikwenda kwa mdogo wake, kununua bodaboda, tangu mwezi wa pili.

Sitakudanganya, sikuwa muungwana siku ile. Si kwamba shemeji hakustahili, kijana alikuwa amekaa bila kazi karibu miaka miwili. Kilichoniuma ni ile miezi niliyokuwa nachora miji saba, na mtu amekaa kando yangu anajua kabisa kwamba hela ya miji saba hatuna. Aliniambia alishindwa kunikatisha, maana nilikuwa na furaha. Nikalala chumba cha wageni siku mbili.

Siku ya tatu tulikaa chini na hela iliyopo. Sasa hapo ndipo tulipopanga safari ya kweli. Tukabaki na miji mitatu: Amsterdam usiku tatu, Köln usiku tatu, Paris usiku tano. Tiketi ya ndege tukakata ya kuingilia Amsterdam na kutokea Paris, usirudie njia uliyopitia bure. Viza tukaiomba kwa Ufaransa, maana ndiko siku nyingi.

Kwenye treni nilifanya hesabu ambayo nakushauri uifanye. Ipo pasi ya Eurail kwa sisi tunaoishi nje ya Ulaya, na ukiisikia unaona umeokoka. Lakini treni nyingi za kasi, kama Eurostar na TGV, zinataka ulipie nafasi ya kiti juu ya pasi. Kwa mtu wa safari mbili kama sisi, tiketi za kawaida zilizokatwa mapema zilitoka nafuu zaidi. Bei zinapanda kadiri siku inavyokaribia, kama za ndege tu. Na usiache dakika kumi kati ya treni na treni. Treni za masafa marefu za Ujerumani zina sifa ambayo Wajerumani wenyewe wanaicheka, kwa kuchelewa. Ikikuchelewesha dakika 60 una haki ya kurudishiwa asilimia 25 ya nauli, ikifika dakika 120 ni asilimia 50. Tunza tiketi yako.

Gari nalo sikulifuta kabisa. Nilimwachia siku mbili tukiwa Köln, tuchukue pale na kurudisha pale pale, kwa sababu ukiliacha nchi nyingine ada yake inaweza kuzidi kodi yenyewe. Ofisi nyingi za kukodisha zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Kadi zetu hizi za kawaida za benki mara nyingi hazikubaliki kwa dhamana. Chukua pia kibali cha kimataifa cha udereva kabla hujaondoka nyumbani. Ila katikati ya miji mikubwa gari ni mzigo. Maegesho ni ghali, na miji mingi ya Italia ina maeneo ambayo kamera inakupiga picha ukiingia bila ruhusa. Faini inakufuata mpaka kwako.

Tulikwenda bonde la mto Mosel, mpaka Cochem, kama saa moja na nusu hivi. Mizabibu imepanda milima mpaka juu, mto unajikunja chini yake, vijiji vidogo unasimama utakapo. Hapo nilimpa haki yake, gari lina utamu wake. Kule wanapita kulia, na usukani uko kushoto, kwa hiyo kila akitaka kukata kona mume wangu alikuwa anawasha waipa. Jua kali, waipa zinafuta kioo kikavu. Tulicheka mpaka akaegesha pembeni.

Jioni ile Köln tukapita daraja la Hohenzollern, lile la treni, karibu kabisa na kanisa kuu lililoanza kujengwa 1248 na kumalizika 1880. Wapenzi wamefunga kufuli kwenye uzio wake wote, yenye majina na tarehe. Paris walikuwa na lao la hivyo, Pont des Arts; kipande cha uzio kikaanguka mwaka 2014 kwa uzito, na mwaka uliofuata wakaziondoa zote. Nilimuuliza mume wangu tununue la kwetu. Akasema kufuli analolihitaji ni la kile chumba cha wageni.

Shemeji ameanza kurudisha, laki moja moja. Mwenzangu tayari ameshafungua ramani ya Ureno. Nimemwambia kwanza alete taarifa ya benki.