Tundu, Pazia na Mgeni wa Kamera

Watu wanaopenda jambo moja hujijengea lugha yao, na mgeni hutambulikana kwa kutoijua. Wavuvi wanayo, maseremala wanayo, nasi wa ushairi tunayo: nani asiyekumbuka siku aliposikia kwa mara ya kwanza ukwapi, utao na mwandamo? Hilo halina ubaya. Ubaya huanza lugha hiyo inapogeuka kufuli.

Tangu nistaafu kufundisha, nimejiunga na wapenda picha wanaokutana kila Jumamosi, wengi wao wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Ni watu wakarimu. Huniita mwalimu, huniazima lenzi zao bila kusita, wala hakuna aliyeicheka kamera yangu kuukuu. Lakini mgeni anapouliza, jibu huja kwa Kiingereza kitupu: apacha, shata, ISO. Akiuliza tena, huambiwa kwamba mambo haya hayana Kiswahili.

Sikubaliani nao. Apacha ni tundu. Shata ni pazia linalofunguka na kufunga. ISO ni kipimo cha wepesi wa kuhisi mwanga. Mwambie kijana kwamba tundu la lenzi hupanuka na kusinyaa kama mboni ya jicho, naye ataelewa nusu ya somo kabla hajaishika kamera. Hata lile fumbo linalowahangaisha wanagenzi wote, kwamba namba 2 ni tundu kubwa na namba 16 ni dogo, hufumbuka kwa hesabu ya shule ya msingi. Namba hizo ni za kugawia. Kwenye lenzi ya milimita 50, gawanya kwa 2 upate tundu la milimita 25. Gawanya kwa 16 upate la milimita 3 hivi. Basi, fumbo limekwisha.

Wala hatuanzi leo. Capital Art Studio ya Zanzibar ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na studio za namna hiyo zilienea pwani na bara kwa miongo mingi. Wateja wake tulisema Kiswahili: tulipeleka mkanda, picha zikasafishwa, tukaenda kuzichukua. Kusafisha picha! Mkanda ulitiwa dawa gizani, ukaoshwa kwa maji, ukatundikwa ukauke. Neno linaeleza kazi kama ilivyofanyika. Sioni sababu ya kijana wa leo kulionea haya.

Lipo jambo zito zaidi, kwa kuwa linahusu nyuso zetu. Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu. Mpige picha mzee mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, nyuma yake ukuta wa chokaa. Kipimo huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wa mzee huzama gizani, macho yasionekane. Dawa yake si ngumu: pima mwanga shavuni, au panua tundu hatua moja au mbili kuliko kamera inavyoshauri. Ukuta utapauka, na upauke, hatukuja kupiga picha ya ukuta. Wenye viwanda hawakutuwazia katika hili. Kwa miaka mingi kadi za Kodak za kusawazishia rangi zilibeba sura ya mwanamke wa Kizungu. Sasa nani amfundishe mgeni wetu, na kwa lugha gani?

Badala ya kufundishwa, husifiwa. Binti mmoja alikuja na picha za bibi yake Jumamosi mbili mfululizo. Mara zote mbili aliambiwa “kali sana”, na mara zote mbili uso wa bibi ulikuwa giza tupu. Sifa hiyo ni adabu ya juujuu tu. Malenga barazani hamwambii mwanagenzi “kali”. Humwambia kwamba utao wa mshororo wa tatu umepungukiwa na mizani mbili, kisha humngoja arekebishe. Jumamosi ya tatu nilimwomba binti yule akae karibu nami, nikamwonyesha shavu, tundu na hatua. Picha aliyoileta baadaye ilikuwa na doa la jua pembeni, lakini macho ya bibi yalionekana.

Nimependekeza kila mgeni apewe nusu saa ya Kiswahili kabla ya kuingizwa katika mazungumzo ya wakongwe. Wengine wamekubali, wengine wananung’unika kwamba ninawarudisha shule. Linalotusumbua kwa dhati ni neno moja: lile eneo la picha linaloonekana wazi, kati ya ukungu wa mbele na ukungu wa nyuma. Mimi nasema “kina cha uwazi”. Kijana mmoja anashikilia “upana wa ukali”, na hoja zake si haba. Mwenye neno bora kuliko haya mawili alilete, nasi tutalijaribu Jumamosi.